Soja wa Langoni Akawa Nyota

Muuga kwenu nyote mlio Meru, kuanzia Timau hadi Maua, na kutoka Nkubu hadi Mikinduri. Wimwaro kwenu wa Embu, Runyenjes, Siakago, Kiritiri na Ishiara. Nanyi wa Chuka na Tharaka mlio katikati yetu, hamjambo? Aliye jikoni asiache ugali ukaungua. Endelea na kazi, mradi sikio liwe huku.

Leo mada yetu ni uigizaji wa runinga. Nataka tuulizane: mtu hutokaje kwenye nafasi ndogo, ile ya kuonekana sekunde chache na kutoweka, hadi akawa ndiye anayesubiriwa na nchi nzima saa ya kipindi ikifika? Je, ni bahati? Ni kujuana na wakubwa? Au kuna jambo jingine ambalo hatulitazami vizuri?

Nauliza kwa sababu vijana wa huku kwetu wanaliuliza kila mara. Wengine wamemaliza kidato cha nne, walikuwa nyota wa maigizo shuleni, walipigiwa makofi hadi na mwalimu mkuu, na sasa wako nyumbani wanachuma majani chai au wanamsaidia mjomba dukani. Wanauliza, "Nitaanzia wapi?" Wakiambiwa waanze na nafasi ndogo, wananuna. Wanaona nafasi ndogo ni dharau. Basi jioni ya leo naitetea nafasi ndogo, na nitaitetea kwa majina ya watu mnaowajua.

Tuanze pale langoni.

Mmetazama vipindi vya Kenya miaka mingi, kwa hiyo nisaidieni. Gari la tajiri linafika, linapiga honi. Soja anakimbia, anafungua lango, anapiga saluti, gari linaingia. Kamera inalifuata gari hadi sebuleni, na yule soja hatumwoni tena. Je, alikuwa na jina? Hakuwa nalo. Kwenye skripti ameandikwa "Soja", basi. Na yule msichana aliyeleta chai kwenye sinia, akaiweka mezani, akarudi jikoni? Naye hana jina. Ameandikwa "Yaya". Kuna Karani, kuna Mgonjwa, kuna Askari wa Kwanza na Askari wa Pili. Hizo ndizo nafasi ndogo. Mwigizaji anaamka alfajiri kwa ajili yake, anasubiri kutwa nzima taa zipangwe, na jioni amesema maneno manne, "Ndiyo bosi. Pole bosi."

Sasa nawauliza: ni nani aliyemchukua soja huyo asiye na jina, akamfanya mtu anayejulikana kila nyumba yenye runinga katika nchi hii?

Najua mmeshajibu. Papa Shirandula.

Marehemu Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa Shirandula, alikuwa mtu wa Busia, na alikuwa mtu wa jukwaa kabla hajawa mtu wa runinga. Wengi nje ya Kenya walimjua kwa tangazo la soda, lile la Coca-Cola la "Brrr". Mnalikumbuka? Hana hotuba pale. Anakunywa soda baridi, mwili unamtikisika, anatoa mlio mmoja. Tangazo hilo lilizunguka nchi nyingi za Afrika. Nafasi ndogo kuliko hiyo ni ipi tena? Mlio mmoja! Lakini aliutoa kwa mwili mzima, mashavu, mabega na tumbo, mpaka ukimwona huwezi kumsahau. Nataka mlishike hilo, maana tutalirudia: nafasi ndogo aliifanya kwa mwili mzima.

Kisha kuna kipindi chenyewe cha Papa Shirandula kwenye Citizen TV, na kilidumu zaidi ya miaka 10. Papa ni nani? Ni soja. Ni yule yule wa langoni. Lakini safari hii kamera haikulifuata gari. Ilibaki naye. Ilimfuata hadi nyumbani kwake, ikatuonyesha mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, ikatuonyesha rafiki zake wa kazini, Otoyo na Njoro, ikatuonyesha msichana wa kazi, Awinja. Na ikatuonyesha siri yake. Papa anatoka nyumbani akiwa nadhifu kama mtu wa ofisi, na mkewe anaamini kweli mumewe ni mtu wa ofisi. Huko aendako sare ya soja inamngoja.

Kwa nini watu walimpenda sana? Wengine watasema alichekesha. Ni kweli alichekesha. Lakini wachekeshaji ni wengi na hatukuwapenda wote namna ile. Mimi nasema alipendwa kwa sababu siri yake tunaijua. Ni nani kati yetu hana ndugu au jirani ambaye kazi anayoifanya Nairobi harudi nayo nyumbani Krismasi? Anashuka kwenye basi pale Gakoromone na viatu vinavyong'aa, anawanunulia watu nyama, na akiulizwa anafanya kazi gani anajibu, "Niko na kampuni fulani." Hatumcheki. Tunajua ameficha nini na tunajua kwa nini. Bukeko alimchukua mtu huyo kwa heshima. Alituchekesha bila kumvua mtu huyo utu.

Mwaka 2020, tarehe 18 Julai, corona ilitunyang'anya Bukeko. Alizikwa siku chache baadaye kwao Funyula, wakati ambao mazishi yalikuwa na masharti makali na watu hawakuruhusiwa kujaa. Siku hiyo wengi tulilia nyumbani, mbele ya runinga, na nadhani si mimi peke yangu niliyeona uchungu kwamba mtu aliyekusanya nchi nzima kila wiki alizikwa bila umati.

Sasa sikilizeni hapa, kwa maana hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka. Sisi huwa tunasema mwigizaji "alitoka" kwenye nafasi ndogo. Alitoka, akapanda, akaiacha nyuma. Bukeko hakutoka. Alibaki pale pale langoni, na sare ile ile ya soja, akampa soja jina, nyumba, mke, madeni, uongo na marafiki. Nafasi haikuachwa, ilipanuliwa. Narudia kwa aliyejiunga nasi sasa hivi: njia ya kutoka nafasi ndogo hadi umaarufu, hapa kwetu Kenya, mara nyingi imekuwa ni kuipanua ile nafasi ndogo yenyewe.

Mnataka ushahidi zaidi? Upo.

Nimemtaja Awinja. Awinja alikuwa msichana wa kazi katika kipindi hicho. Kwa desturi ya vipindi vyetu, huyo angekuwa mleta chai. Lakini Jacky Vike alimpa lafudhi, mwendo, ukaidi na kichwa kigumu cha kupendeza, na baada ya muda watazamaji wakawa wanakaa kumsubiri yeye. Leo ukisema "Awinja" sokoni Embu hakuna atakayekuuliza Awinja yupi.

Halafu njooni kwa Shiru. Kipindi cha Auntie Boss kwenye NTV kiliwachukua wasichana wa kazi wa mtaa mmoja wa watu wenye uwezo kikawafanya wao ndio kipindi. Waajiri wakawa ndio wa pembeni! Eve D'Souza, aliyekitayarisha, aliigiza humo pia, lakini waliobeba kipindi ni wasichana wa jikoni. Nyce Wanjeri aliigiza Shiru, yaya kutoka kijijini ambaye Kiswahili chake kina harufu ya kwao na haoni haya. Mwaka 2018 Nyce Wanjeri alikwenda Lagos, Nigeria, kwenye tuzo za Africa Magic, akarudi na tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho. Hebu fikirini: katika Afrika nzima, waliopiga kura walimtazama yaya wa Kenya wakasema, huyu.

Soja. Yaya. Msichana wa kazi. Hao ndio waliokuwa hawana majina kwenye skripti. Mnaona ninachosema?

Sitaki kuwadanganya, wapo waliopanda kwa njia ya kawaida, ngazi kwa ngazi. Tahidi High ya Citizen TV ilikuwa darasa la kweli. Sarah Hassan tulimwona pale akiwa Tanya, mwanafunzi mmoja kati ya wanafunzi wengi. Mwaka 2021 akawa Zora mwenyewe, na kipindi kikabeba jina la mhusika wake. Abel Mutua alikuwa Freddie katika Tahidi High hiyo hiyo, na huyo ndiye ambaye vijana wanaopenda kuandika wanapaswa kumtazama kwa makini, kwa sababu hakungoja aandikiwe. Alishika kalamu akawa mwandishi, na leo anasimulia na kutengeneza kazi zake. Catherine Kamau alikuwa Celina katika kipindi cha Mother-in-Law miaka na miaka kabla hajawa jina kubwa la filamu. Na yule aliyefika mbali kuliko wote, Lupita Nyong'o, alianza kwa kutumwatumwa nyuma ya kamera filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya, kisha mwaka 2009 akaigiza katika kipindi cha Shuga. Mwaka 2014 alisimama Marekani na Oscar mkononi. Mwanzo wa ngoma ni lele, wazee walisema.

Lakini turudi kwetu. Meru na Embu tuna nini katika habari hii?

Tuna mengi, na tunayachukulia kirahisi. La kwanza ni tamasha la maigizo la shule. Tamasha la kitaifa la drama lilianza mwaka 1959, na hadi leo linapanda kutoka kaunti ndogo, kaunti, eneo, hadi taifa. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 tulilipokea sisi wenyewe hapa Embu. Wengi wenu mliona mabasi ya shule kutoka kila pembe ya nchi, watoto wa pwani wakishangaa baridi yetu. Siku hizi lina hata sehemu ya filamu, kwa hiyo mtoto anaweza kujifunza kamera kabla hajamaliza shule. Ukiwauliza waigizaji wengi wa nchi hii walianzia wapi, watakutajia tamasha hilo.

La pili ni vile vikundi vya kuigiza vitabu teule. Mnavikumbuka? Kikundi kinafika shuleni asubuhi na gari dogo lililojaa nguo na majembe ya bandia. Shule mbili tatu za jirani zinaitwa. Meza za bwalo zinasukumwa ukutani, shuka linatundikwa kwenye kamba, na hilo shuka ndilo nyuma ya jukwaa. Waigizaji wako saba, wahusika wako ishirini. Basi kijana mmoja ni askari sasa hivi. Anaingia nyuma ya shuka, unaona miguu yake ikihangaika chini, suruali moja inashuka na nyingine inapanda, na anatoka akiwa mzee mwenye mkongojo. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa siku moja kama hiyo, na kilichonikaa moyoni si yule shujaa wa mchezo, ni yule kijana wa nyuma ya shuka. Kila alipotoka alikuwa na mgongo mwingine. Askari alikuwa na kifua. Mzee alikuwa na kiuno kibovu. Mfanyabiashara alitembea tumbo likimtangulia. Wahusika watatu, kila mmoja na maneno machache, na wote watatu niliwaamini.

Hiyo ndiyo shule, wasikilizaji. Bukeko na rika lake walijifunza kwenye jukwaa, wala si mbele ya kioo cha simu.

Na hapa kuna jambo la kutufanya tujivune. Moja ya tamthilia zilizozungushwa mashuleni na vikundi hivyo, miaka ilipokuwa kitabu teule cha KCSE, ni Kifo Kisimani. Aliyeiandika ni Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka. Wengi mliisoma, mkakariri sifa za Mwelusi na ukatili wa Mtemi Bokono ili mpite mtihani. Lakini ndani yake wamo pia askari wa mtemi, wale wa kutumwa na kuamrishwa. Kuna vijana wangapi katika nchi hii waliopata mshahara wao wa kwanza wa uigizaji kwa kuwa askari wa Bokono? Maneno yaliyoandikwa na mtu wa milima yetu yaliwalisha waigizaji kutoka kila kabila. Hilo hatulisemi vya kutosha.

Sasa naja kwenye jambo ambalo linaniuma, na nitalisema wazi.

Mtu wa kwetu akionekana kwenye runinga ya kitaifa huwa ni nani? Fikirini kidogo. Mara nyingi ni mtu wa hasira za haraka. Ana miraa shavuni. Ana panga, au anatishia kuleta panga. Anasema sentensi moja kwa lafudhi nzito ya Kimeru, watu wanacheka, kamera inaondoka. Mtu wa Embu naye huwa hata haonekani. Anachanganywa na majirani wake kama kwamba hana lugha yake. Je, hiyo ndiyo nafasi yetu? Soja wa langoni alikuwa hivyo pia, kichekesho cha sentensi moja, hadi Bukeko alipomfuata nyumbani.

Basi nawauliza waigizaji na waandishi wa kwetu: ni nani atamfuata muuza miraa nyumbani? Maana muuza miraa huyo ana maisha. Anajua kuikagua kangeta gizani kwa kidole. Anajua gari la Nairobi likichelewa saa moja hasara ni ya nani. Ana mtoto chuoni Chuka anayesomeshwa na majani hayo. Uingereza ilipoifungia miraa mlango mwezi wa Juni mwaka 2014, baada ya Uholanzi kutangulia, kuna nyumba za Igembe zilizobadilika kabisa, watoto waliorudi nyumbani kwa karo, ndoa zilizoyumba. Hayo ni mambo ya kuigizwa misimu mitatu na yasiishe!

Na kuna waliojaribu. Mwaka huo huo wa 2014 ilitoka filamu ya Veve, iliyoongozwa na Simon Mukali na kuandikwa na Natasha Likimani. Hadithi yake imewekwa Maua. Ndani yake miraa si kichekesho. Ni pesa, ni siasa, ni kisasi, ni wakulima wanaodhulumiwa bei. Lowry Odhiambo aliigiza mwanasiasa anayefanya biashara hiyo, na Lizz Njagah, ambaye wengi wetu tulimwona zamani katika Makutano Junction, akawa mkewe. Makutano Junction yenyewe ilikuwa mahali pengine pa kulelewa waigizaji, kipindi cha kijiji, cha mambo ya shamba na zahanati, na watu wa Meru tulikipenda kwa haki kwa sababu tuna Makutano yetu. Tazameni tena: kutoka kipindi cha kijiji hadi filamu inayozungumza juu ya Maua. Hivyo ndivyo nafasi inavyokua.

Tunaye pia Jasper Muthomi, MC Jessy wetu, mtoto wa Meru aliyejulikana nchi nzima kupitia Churchill Show. Yeye ni mchekeshaji kuliko kuwa mwigizaji wa tamthilia, lakini namtaja kwa sababu alisimama pale mbele ya Wakenya wote bila kuifuta lafudhi yake. Mwaka 2022 aliingia hata kwenye siasa, akawania ubunge wa Imenti Kusini kabla ya kujiondoa. Lafudhi tuliyoambiwa ni ya kuchekwa ilimpa jina.

Kwa hiyo nirudie, kwa faida ya kijana aliyenuna nilipoanza. Lafudhi yako si kasoro. Nafasi ndogo si dharau. Lakini je, wewe umeitazama nafasi hiyo? Umepewa kufungua lango. Swali langu: soja wako alilala saa ngapi jana? Anamwogopa bosi au anamchukia? Honi ikilia alikuwa anafanya nini, anakunywa chai? Basi kikombe ameficha wapi? Anamjua dereva huyo? Lango ni zito au jepesi? Ukiwa na majibu hayo, mkono wako utalishika lango tofauti, na mwelekezi ataona. Wiki ijayo ataandika mstari mmoja zaidi kwa ajili yako. Watu wa kazi hiyo watakuambia ndivyo wahusika wengi walivyoongezewa maneno: mtazamaji alimpenda, mwandishi akamrudisha.

Najua mtu mmoja hapo anasema, "Unatuambia tufanye kwa mwili mzima, je, tunalipwa?"

Ni swali la haki, na silikwepi. Mkono mtupu haulambwi. Mwigizaji wa pembeni hapa Kenya hulipwa kwa siku anayoitwa, na asipoitwa hakuna kitu. Nauli kutoka Meru hadi Nairobi ni yake. Mahali pa kulala ni pake. Kipindi kikirudiwa mara tano, kwa wengi hiyo mara ya pili hadi ya tano haina malipo. Na hata aliyefika kileleni hana uhakika. Mzee Ojwang', Benson Wanjau kwa jina lake la kuzaliwa, alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo kwa ustadi hata watu wakabisha kwamba si Mjaluo. Yeye na mwenzake Mama Kayai walitulea. Wengi wetu tulijifunza kucheka kwa Kiswahili kwa sababu ya kipindi chao cha Vitimbi. Macho yake yalipoharibika, Wakenya wa kawaida ndio waliochanga pesa za matibabu. Alituaga mwezi wa Julai mwaka 2015. Tulichanga kwa mapenzi, na ni vizuri tulichanga. Lakini mtu aliyeifanyia nchi kazi miongo mitatu hakustahili kungoja mchango.

Kwa hiyo ninaposema nafasi ndogo itetewe, nasema pia ilipwe. Mtayarishaji anayemwita kijana kutoka Kiritiri amsimamishe langoni kutwa nzima, amlipe nauli, ampe chakula cha mchana, amlipe siku hiyo hiyo au amwambie tarehe ya kweli. Wala si hisani. Bila yule wa langoni gari la tajiri haliingii.

Na kuna upande mwingine ambao uko mikononi mwetu wenyewe. Siku hizi tuna runinga zetu za huku. Tuna Weru TV, tuna Baite TV, zinazozungumza Kimeru. Zina habari, zina muziki, zina mahubiri, na zote ni kazi nzuri. Ombi langu kwa wakubwa wa vituo hivyo, na nasema kwa heshima: tupeni tamthilia. Si lazima iwe ya gharama kubwa. Papa Shirandula ilikuwa na lango, ofisi, sebule na jiko. Mchukueni mchuma chai wa Manyatta, au mwanamke wa Mbeere anayeuza muguka, au kondakta wa Embu anayemwambia mama mkwe kwamba yeye ni fundi wa magari. Mfuateni hadi nyumbani. Mtafuteni yule kijana wa nyuma ya shuka, yule mwenye migongo mitatu. Yuko huko vijijini kwetu, hana kazi.

Wazazi nao, neno fupi. Mtoto akikwambia mwalimu amempa nafasi ya Askari wa Pili kwenye tamasha, usimwambie, "Kwa nini hawakukupa mfalme?" Mpe nauli ya mazoezi. Nenda ukamtazame. Na ukirudi naye nyumbani muulize yule askari anaitwa nani, kwao ni wapi, na kwa nini alikubali kumtumikia mtemi mbaya vile. Ikiwa ana majibu, mna mwigizaji nyumbani.

Saa yetu imekwisha, na mwenzangu wa taarifa ya habari ameshakaa tayari. Wiki ijayo saa kama hii tutazungumza na walimu wawili wa drama, mmoja wa Meru na mmoja wa Embu, kuhusu michezo wanayoandaa msimu huu na jinsi kijana aliyemaliza shule anavyoweza kujiunga na kikundi cha vitabu teule. Mwenye swali alitume mapema, na mwenye kijana anayetaka kuigiza amwambie akae karibu na redio.